Sakafu ya kabro

Kabro, au pevingi kama zinavyojulikana Tanzania, ni matofali madogo ya zege yanayopangwa bila saruji kati yake ili kusakafia ua, njia ya miguu au maegesho ya magari. Matumizi yake yalienea Uholanzi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, matofali ya udongo yalipokuwa haba.

Uimara wa sakafu hii hutegemea msingi. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa, kisha kokoto zilizochanganyika na vumbi la mawe humwagwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Juu yake hutandazwa mchanga wa unene wa sentimita 3 hivi. Uso huachiwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Kingo hufungwa kwa mawe ya pembeni yaliyosimikwa kwa zege. Yasipokuwepo, safu za mwisho husogea na mianya kupanuka. Hatimaye, matofali yakishapangwa, mchanga mkavu hufagiliwa mianyani na sakafu hushindiliwa tena.

Tofali lenye unene wa milimita 60 hufaa kwa watembea kwa miguu na magari madogo. Malori huhitaji milimita 80 au zaidi. Tofali lililotitia hung'olewa, mchanga ukasawazishwa, kisha likarudishwa lilelile.