Futi Thelathini

Baba yangu ni fundi rangi. Mwaka niliomaliza kidato cha nne alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka nyumba ya mtu Mbagala, akavunjika nyonga. Mwenye nyumba alimlipa siku tatu alizofanya kazi, basi.

Nilimkumbuka maktaba, nikisoma Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uingereza ya mwaka 1897. Chini yake, aliyeumia kazini aliweza kulipwa bila kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Lakini kwa ujenzi na ukarabati, jengo lilitakiwa kuzidi futi 30, yaani mita 9 hivi, na kazi ifanyike kwa jukwaa. Mpaka rangi wa nyumba fupi, mwenye ngazi tu, aliachwa nje mpaka sheria ya 1906 ilipowaingiza wafanyakazi karibu wote.

Robert Noonan, mpaka rangi wa Hastings, aliijua hatari hiyo. Katika riwaya yake, The Ragged Trousered Philanthropists, iliyotoka 1914, miaka mitatu baada ya kifo chake, kamba chakavu inakatika mafundi wakisimamisha ngazi, na mmoja wao anakufa.

Sisi tuna sheria ya 2008 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ila lazima kwanza uwe mfanyakazi wa mtu. Baba alipatana bei kwa mdomo tu.

Nilipomsimulia habari za futi 30 kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwani ukianguka chini ya hapo, mwanangu, ardhi yao ilikuwa laini?”