Kumeza Kunaanzia Kichwani

Hebu meza mate mara moja. Umetumia zaidi ya jozi 25 za misuli, na huenda hukuwaza chochote. Ndiyo maana kwa muda mrefu wanasayansi waliona kumeza ni jambo la kujiendea lenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa François Magendie aligawa kumeza katika hatua tatu: kinywani, kwenye koromeo na kwenye umio. Tafiti za baadaye, nyingi za wanyama, zikaonyesha kuwa shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, huendesha kazi hiyo. Basi ikaonekana rahisi: chakula kikifika kooni, mwili unamalizia.

Wagonjwa wa kiharusi ndio waliovuruga hesabu. Wengi shina lao la ubongo lilikuwa zima, kiharusi kimepiga sehemu za juu, lakini bado walipaliwa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2005 yalikuta asilimia 37 hadi 78 ya wagonjwa wa kiharusi wana shida ya kumeza, kutegemea kipimo kilichotumika. Na maji au uji vikiingia mapafuni, nimonia inaweza kuua.

Nchini Marekani, Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern alieneza kipimo cha eksirei ya video. Mgonjwa anameza vitu vyenye bariamu, hadi kipande cha biskuti, na wataalamu wanaona vinakopita. Hapo wale wanaopaliwa kimyakimya, bila hata kukohoa, wakaonekana. Kitabu chake cha mwaka 1983 kikawa msingi wa fani hii. Zikaenea pia mbinu za kulinda njia ya hewa: vuta pumzi, izuie, meza, kohoa, meza tena.

Sasa hesabu hatua hizo. Mtu ambaye kiharusi kimempunguzia umakini na kumbukumbu atazifuataje?

Mwaka 1996, Shaheen Hamdy na wenzake wa Manchester walitumia sumaku kuuchochea ubongo kutoka nje ya fuvu. Waligundua kuwa pande zote mbili za ubongo hushiriki kumeza, ila upande mmoja huwa na eneo kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kuwa wagonjwa waliopona, upande wao mzima ulipanua eneo lake. Yaani ubongo ulijifunza upya.

Kisha mwaka 2009 ukaja utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,000 wa maradhi mbalimbali. Walioshindwa kutaja jina lao, mahali walipo na mwaka, uwezekano wao wa kupaliwa na vimiminika ulikuwa juu kwa asilimia 31. Walioshindwa kufuata agizo jepesi, kwa asilimia 57.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Programu za kuzoeza umakini na kumbukumbu (bonyeza picha ikitokea, kumbuka mpangilio) sasa zinajaribiwa pamoja na tiba ya kumeza. Kompyuta haigusi koo. Inamwandaa mgonjwa aweze kufuata mazoezi ya koo. Tafiti bado ni chache na ndogo, kwa hiyo tusiiite muujiza.

Ila somo moja halihitaji kompyuta. Ndugu yako akipata kiharusi, usimpe hata maji kabla hajapimwa kumeza. Akiruhusiwa kula, zima televisheni, mkalishe wima, mwache ale bila kuongeleshwa. Kumeza kwake sasa ni kazi ya akili.