Kwa Nini Nati za Rangi Huchuja

Ukikaa saa moja tu kwenye kijiwe cha mafundi magari hapa Dar utalisikia neno "feki" mara nyingi kuliko salamu. Spea feki, betri feki, hata fundi feki. Siku hizi nalisikia sana kuhusu zile nati za matairi za rangi, nyekundu, bluu, zambarau na dhahabu, ambazo vijana huzifunga mara tu gari la mtumba kutoka Japani linapotoka bandarini. Mtu ananunua seti nyekundu kama damu, mwaka haujaisha zimekuwa kama ubuyu ulionyonywa. Nyeusi nazo zinageuka kahawia yenye uzambarau fulani hivi. Basi kesi inaanza: muuza spea ni mwizi, nati ni feki!

Mimi si mhandisi, ni mwandishi wa habari tu, lakini ubishi huu ulinipeleka kusoma. Nilichokuta ni kwamba nati halisi kabisa nayo huchuja, na sababu yake ina historia ya miaka mia moja na ushee. Ndani ya historia hiyo mna jambo ambalo mwenye gari analihitaji, maana nati hizi si hereni. Ndizo zinazolishika gurudumu.

Nati zenyewe ni za alumini. Leo alumini tunaiona kitu cha kawaida, sufuria na madirisha, lakini karne ya 19 ilikuwa mali ya wakubwa. Wamarekani walipokamilisha mnara wa kumbukumbu ya George Washington mwaka 1884, ncha yake waliitengeneza kwa alumini, na wakaona fahari. Miaka miwili baadaye vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall kule Marekani na Paul Héroult kule Ufaransa, wote waliozaliwa mwaka 1863, wakagundua jinsi ya kuipata alumini kwa umeme. Bei ikaporomoka.

Kasoro moja ikabaki: alumini tupu ni laini. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm akagundua kwamba ukiichanganya na shaba na magnesi kidogo, ukaipasha moto, ukaipoza ghafla kisha ukaiacha ikae siku kadhaa, inakuwa ngumu ajabu. Mchanganyiko huo ukaitwa duralumini na watengenezaji wa ndege wakaukimbilia. Lakini hakuna cha bure. Alumini tupu hujiotesha ngozi yake nyembamba ya oksidi inayoikinga na hewa. Ile shaba iliyoleta ugumu ikaiharibu kinga hiyo, na chumvi ikapata mlango. Anayeishi Kigamboni anajua hewa ya bahari inavyoyafanya mabati. Sasa fikiria ndege inayotua juu ya bahari yenyewe.

Hapo ndipo Waingereza wawili, Bengough na Stuart, wanapoingia. Mwaka 1923 walipata hataza ya njia ya kuiotesha ngozi ile kwa makusudi: unakitumbukiza kipande katika tindikali ya kromi, unakiunganisha na upande chanya wa umeme, na oksidi inajijenga kuliko inavyoweza kwa hewa peke yake. Upande huo chanya huitwa anodi, na kazi yote ikaitwa anodaizi. Lengo lilikuwa kuzikinga ndege za baharini dhidi ya chumvi. Ngozi iliyopatikana ilikuwa ya kijivu na hakuna aliyeitafutia uzuri.

Nasisitiza hapo kwa sababu sisi tumeipokea hadithi ikiwa imepinduliwa. Tunainunua anodaizi kwa ajili ya rangi, kumbe rangi ilikuja baadaye kama mgeni.

Mgeni huyo alifunguliwa mlango na njia nyingine ya Kiingereza, ya Gower na O'Brien, ya mwaka 1927. Wao walitumia tindikali ya salfa, ambayo ni tindikali ile ile ya betri ya gari. Ngozi yake ni nene zaidi, inapitisha mwanga, na imejaa vitundu. Mwaka 1953 watafiti watatu wa kampuni ya Alcoa, Keller, Hunter na Robinson, walichapisha walichokiona kwa hadubini ya elektroni: vyumba vya pembe sita vilivyobanana kama sega la nyuki, na kila chumba kina shimo katikati. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko shimo hilo mara elfu kadhaa.

Basi nati haipakwi rangi, hutiwa rangi, kama kitenge. Wanaichovya, rangi inaingia kwenye vitundu, kisha wanaichemsha. Maji moto yanaivimbisha oksidi kama maharage yaliyolowekwa, na vitundu vinajifunga vikiwa na rangi ndani. Ngozi yote aghalabu haifiki nusu ya unene wa unywele.

Na rangi yenyewe? Nyingi ni za ukoo ule ule wa rangi za nguo. Baba wa ukoo ni kijana wa London, William Henry Perkin, aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1856 alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata zambarau, akatajirika nayo. (Malaria ikaendelea kututafuna huku, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Sasa khanga ikianikwa kila siku juani inafanyaje? Inapauka. Mionzi ya urujuanimno inavunja vifungo vya molekuli za rangi, na molekuli iliyovunjika haina rangi tena. Kule kwenye vitundu vya nati mambo ni hayo hayo, na jua letu la karibu na ikweta halina huruma. Tena rangi iliyopatikana kwa kuchanganya mbili tatu haifi kwa pamoja. Mmoja akitangulia anayebaki anajitokeza, ndiyo maana weusi unaweza kuishia kwenye kahawia au zambarau. Joto la breki nalo linasaidia uharibifu: metali hupanuka zaidi kuliko ngozi iliyoivaa, ngozi inapata nyufa ndogo ndogo, na mlinzi wa rangi anakuwa na viraka.

Dhahabu ni kisa kingine, na ndicho ninachokipenda. Njia mojawapo ya zamani ya kupata rangi hiyo hutumia chumvi ya chuma, ambayo huacha oksidi ya chuma ndani ya vitundu. Kwa lugha ya gereji, hiyo ni ndugu yake kutu! Kwa kuwa hakuna molekuli ya kuvunjwa na jua, dhahabu ya namna hiyo hudumu wakati jirani yake mwekundu ameshachuja kama msanii wa wimbo mmoja.

Wenye majengo walilitatua tatizo hili zamani. Katika miaka ya 1960 Mjapani Tahei Asada aliiendeleza njia ya kupeleka chembe za metali kama nikeli hadi chini kabisa ya vitundu kwa umeme. Madirisha ya kahawia na meusi ya maghorofa mengi duniani yametokana na njia za aina hiyo, na yanakaa juani miongo. Shida ni kwamba huwapi vijana nyekundu ya kung'aa wala zambarau kwa njia hiyo. Wanaotaka rangi za kelele wanarudi kwa wajukuu wa Perkin, na wanalipa kwa kuchuja.

Japani imo katika hadithi hii kwa njia nyingine pia. Nati nyingi za bei mbaya hutangazwa kuwa za alumini namba 7075. Alumini ya ukoo huo, yenye zinki nyingi, ilitengenezwa na kampuni ya Sumitomo mwaka 1936 na kutumika kwenye ndege za kivita za Zero, halafu Alcoa ya Marekani ikaja na 7075 yake mwaka 1943. Ni ngumu kweli kweli. Lakini bila ngozi yake, chumvi inaila kama ilivyokuwa ikiila duralumini, hasa ikiwa imefungwa kwenye bolti ya chuma cha pua au chuma kingine, maana metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi mojawapo huliwa, na hapa anayeliwa ni alumini.

Ndiyo maana kuchuja kuko kwa aina mbili na usizichanganye. Jua huua rangi lakini huiacha ngozi. Nati imepauka kwa usawa, bado laini, na ukiifungua utakuta sehemu isiyoonwa na jua ina rangi yake ya mwanzo. Hiyo iache, aibu tu. Aina ya pili ni ya kuoshwa. Oksidi ya alumini ina tabia ya kuyeyushwa na tindikali kali na pia na magadi makali, na dawa nyingi za kung'arishia rimu ni mojawapo kati ya hizo. Hapo rangi haijafa, imeondoka pamoja na ngozi iliyoibeba. Utaona mabaka meupe kama chaki, michirizi, na pembeni palipokwanguliwa na spana metali iko uchi.

Una wasiwasi? Chukua tesa ya umeme, gusisha ncha zake mbili taratibu juu ya uso wa nati bila kukwaruza. Ngozi ya anodaizi haipitishi umeme. Tesa ikinyamaza, mlinzi yupo hata kama rangi imekwenda. Ikilia, anza kutafuta seti nyingine, na wakati huo kagua meno ya nati na bolti zake.

Halafu pale unapooshea gari, kijana akija na chupa isiyo na lebo muulize ndani mna tindikali au magadi. Akiwa hajui, muombe ndoo ya maji na sabuni ya kawaida.