Betri ya Matatu: Kutoka Risasi Hadi Lithiamu

Mtaa wa Buruburu, ulioko mashariki ya jiji la Nairobi, ulianza kujengwa mapema katika miaka ya 1970, ukajengwa kwa awamu tano. Wengi wa wakazi wake walikuwa watu wa mshahara, waliohitaji chombo cha kuwapeleka mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu, magari yaliyopata jina lake kutokana na nauli ya mapeni matatu, kubeba abiria bila leseni maalumu. Tangu hapo matatu na Buruburu zimekuwa kama pete na kidole.

Basi, msomaji, itazame matatu ya namba 58 inayokwenda mtaa huo. Ina rangi za kupendeza, taa za kila namna, na muziki unaosikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Je, umepata kujiuliza umeme wa mambo hayo yote watoka wapi? Injini ikizunguka, altaneta hutoa umeme. Injini ikizimwa kituoni, kazi yote huiangukia betri. Nayo betri ya kuwashia injini imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, si kukamuliwa polepole hadi tone la mwisho. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara huongeza betri ya pili, ya akiba. Watu wa Ulaya walalao safarini ndani ya magari yao hufanya vivyo hivyo.

Kwa miaka mingi betri hiyo ilikuwa ya risasi na asidi, nayo ina historia ndefu. Aliyeivumbua ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, kabla ya magari ya petroli kuwako. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani iliuza magari yaliyowashwa kwa umeme badala ya kuzungushwa kwa mkono, na tangu siku hizo betri ya risasi imekuwa sehemu ya gari kama magurudumu. Ni ya bei nafuu, na kila fundi anaijua.

Lakini risasi ni sumu, na sumu hiyo imewaumiza watu wa nchi yetu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, huko Mombasa. Moshi na maji yake machafu yaliwafikia wenyeji, na watoto wakaugua. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aligundua kwamba mwanawe mwenyewe ana risasi katika damu. Hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliiondoa amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024. Tazama basi jinsi haki ilivyokwenda kwa mwendo wa kobe, na watoto hawangoji kukua.

Hapo awali wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wakitafuta njia nyingine. Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino walijenga msingi wa betri ya lithiamu katika miaka ya 1970 na 1980. Kampuni ya Sony ikaanza kuiuza mwaka 1991, na watu hao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Aina ifaayo zaidi kwa gari ni ile ya lithiamu, chuma na fosfati, kwa kuwa haishiki moto upesi kama nyingine, wala haihitaji kobalti, ambayo wachimbaji wengi wa Kongo huitoa ardhini kwa mikono yao na kwa taabu kubwa.

Tupige hesabu kidogo. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, na yafaa utumie nusu tu ya akiba yake, ukizidisha, waiua. Ya lithiamu yenye uwezo huohuo ina kilo 12 hivi, nawe waweza kutumia ampea-saa 80 bila kuidhuru. Ili upate 80 hizo kwa risasi, utabeba karibu kilo 50. Tena ya risasi hujazwa na kutumiwa mara mia kadhaa tu, na ya lithiamu mara elfu mbili na zaidi. Bei yake ya kwanza ni kubwa, lakini bei ya miaka yote ni jambo jingine.

Hata hivyo, haraka haraka haina baraka. Betri ya lithiamu hunywa umeme kwa pupa, na altaneta ikiunganishwa nayo moja kwa moja yaweza kupata joto hadi ikaungua. Ni lazima pawe na chombo cha kupima umeme uingiao, na kinga ya kuikata betri ijazapo au iishapo.

Mabadiliko haya yamekwisha fika Nairobi. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na sasa yaitwa Roam, iligeuza magari ya watalii yaliyotumia dizeli yakaendeshwa kwa betri za lithiamu. Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilileta mabasi ya umeme ya kubeba abiria wa jiji hili.

Nawe, msomaji, huenda kesho ukawa fundi, mwenye gari, au mtunga sheria. Siku utakapoing'oa betri kuukuu na kuweka mpya, usiulize tu muziki utadumu saa ngapi. Uliza pia: hii ya zamani yaenda wapi, na ni nani akaaye kando ya mahali hapo? Swali hilo lingeulizwa mapema, watoto wa Owino Uhuru wangalinusurika. Nayo lithiamu itachakaa siku moja. Tusingoje kijiji kingine kitufundishe somo lilelile.