Vijana Saba na Beseni la Maji

Tarehe 10 Aprili 1848, wafanyakazi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walimiminika kwenye uwanja wa Kennington, London. Waliofuatana na umati huo ni pamoja na wachoraji wawili vijana, William Holman Hunt na John Everett Millais. Miezi mitano baadaye wawili hao walianzisha uasi wao wenyewe, usio na bango wala maandamano.

Walikutana nyumbani kwa wazazi wa Millais, mtaa wa Gower. Wakiwa na Dante Gabriel Rossetti na wenzao wanne, waliunda Udugu wa Kabla ya Raphael. Hunt alikuwa na miaka 21, Rossetti 20, Millais 19. Ugomvi wao mkubwa haukuwa na Raphael, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1520, bali na waliomgeuza kuwa sheria. Katika Akademia ya Kifalme ya Sanaa, mwanafunzi alifundishwa kuirekebisha dunia mpaka ipendeze, kisha kuifunika kwa vivuli vya kahawia. Millais aliingia humo akiwa na miaka 11. Kanuni hizo alizijua kama mtoto ajuavyo njia ya kwao. Sasa yeye na wenzake walitaka kuchora kilicho mbele ya macho, jani kwa jani. Ili rangi zing'ae, Hunt na Millais walipaka kwanza tabaka jeupe, na kabla halijakauka wakachora juu yake kwa brashi ndogo.

Mwaka 1850 Millais alionyesha picha ya Yesu mtoto katika karakana ya Yusufu. Maranda yametapakaa sakafuni. Mikono ya Yusufu ina mishipa iliyotutumka, kwa kuwa mwili wake ulichorwa kutokana na seremala wa kweli. Hata kondoo walioko nyuma walichorwa kwa kutazama vichwa vilivyotoka buchani. Mwandishi Charles Dickens aliishambulia picha hiyo vikali katika jarida lake. Kilichowaudhi watu ni kuiona familia takatifu ikifanana na majirani maskini. Mwaka uliofuata mhakiki wa sanaa John Ruskin aliwatetea vijana hao katika gazeti la The Times, na upepo ukaanza kugeuka.

Kiangazi hicho cha 1851, Millais alikwenda kando ya mto Hogsmill, Surrey, kuchora mahali atakapozama Ophelia, binti wa tamthilia ya Shakespeare. Alikaa huko miezi kadhaa, akisumbuliwa na nzi, na baridi ilipoingia akajikinga kwa kibanda cha nyasi. Alichora mto kwanza. Nafasi ya binti akaiacha wazi.

Aliyeijaza nafasi hiyo ni Elizabeth Siddal, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kofia. Majira ya baridi, akiwa amevaa gauni kuukuu la nakshi lililonunuliwa kwa pauni 4, alilala ndani ya beseni la kuogea lililojaa maji. Chini yake ziliwashwa taa za mafuta ili maji yasipoe. Siku moja taa zilizimika. Millais, akili yote ikiwa kwenye turubai, hakutambua. Siddal alinyamaza, maji yakapoa, akaugua vibaya. Baba yake alidai pauni 50 za matibabu. Millais akalipa pungufu.

Udugu haukudumu. Mwaka 1853 Akademia ilimchagua Millais kuwa mwanachama mshiriki, na mwaka 1896 akawa rais wake. Siddal naye alikuwa mchoraji: mwaka 1855 Ruskin alinunua michoro yake na kukubali kumlipa pauni 150 kwa mwaka. Siddal alifariki mwaka 1862.

Picha ya Ophelia ipo London, Tate Britain. Wengi husifu maua yake, nayo yanastahili sifa. Lakini tazama mikono ile iliyofunguka juu ya maji. Vijana saba waliahidi kuchora ukweli, na ukweli wa picha hii ni pamoja na baridi aliyoivumilia mwanamke mmoja bila kutikisika.