Malaria ya ujauzito: Kwa nini mimba ya kwanza huwa hatarini zaidi?

Mjamzito wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali unaosifika kwa wazungumzaji wake wa Kiswahili, anaweza kubeba vimelea vya malaria bila kupata homa. Vimelea hivyo hujificha katika kondo la nyuma, na vinaweza kusababisha upungufu wa damu, mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5.

Mwaka 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi Kisumu nchini Kenya, walibaini kuwa chembe nyekundu zilizoambukizwa hunasa kwenye kondo kwa namna ya pekee. Katika mimba ya kwanza, damu ya mama haina kingamwili za kuzuia jambo hilo. Kingamwili huongezeka katika mimba zinazofuata, mradi mama amekutana na malaria hapo awali. Pale maambukizi yanapokuwa machache, hata mama wa watoto watatu anaweza kukosa kinga hiyo.

Mwaka 2008, Rwanda iliacha kuwapa wajawazito dawa ya kinga ya SP kutokana na usugu wa vimelea. Ngao kuu zilizosalia ni chandarua chenye dawa na kupimwa mapema kliniki.