Haki ya Kusikiliza: Mgomo wa Wanafunzi wa Nairobi wa 1969 na Nafasi Yake katika Historia ya Mikutano Iliyozuiwa

Insha hii inachunguza mgomo wa wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi wa Januari 1969, uliozuka baada ya Serikali ya Kenya kumzuia Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, kuwahutubia chuoni. Hoja kuu ni kwamba mgogoro huo ulihusu zaidi haki ya wasikilizaji kuliko sera za mgeni aliyealikwa.

Odinga alishika umakamu wa rais Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 1964. Alitofautiana na Jomo Kenyatta na Tom Mboya kuhusu ardhi, umilikaji wa uchumi na uhusiano na nchi za kikomunisti. Mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, Machi 1966, ulikifuta cheo chake cha makamu wa rais wa chama na kuweka mahali pake makamu wanane. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini, akaongoza chama kipya cha KPU.

Wanafunzi walipomwalika, serikali ilikataa. Wao wakasusia masomo. Serikali ikakifunga chuo. Mtu aweza kuutetea uamuzi huo kwa kusema kuwa chuo kiliendeshwa kwa kodi za wananchi, hivyo hakikupaswa kuwa jukwaa la upinzani. Utetezi huo una udhaifu. KPU kilikuwa chama halali, na Odinga alikuwa mbunge. Maneno aliyozuiwa kuyasema chuoni angeweza kuyasema Bungeni. Kwa hiyo hayakupigwa marufuku maneno, bali hadhira.

Hofu hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Chuo cha Nairobi kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mkuu wake alikuwa Julius Nyerere. Oktoba 1966, Nyerere mwenyewe aliwarudisha makwao takriban wanafunzi 400 waliopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Madai yao yalikuwa tofauti, na njia ya nchi hizo mbili kiuchumi ilikuwa tofauti pia. Lakini katika kuwanyamazisha wanafunzi zilifanana.

Wala jambo hili halikuanza na wasomi. Mwaka 1953, chini ya ukoloni, mkutano wa hadhara wa Ali Migeyo huko Kamachumu, katika Wilaya ya Muleba ya leo, ulitawanywa na polisi. Waliotawanywa walikuwa wanavijiji wa Buhaya, ambako wakulima wa kahawa walikwisha kuzipinga kanuni za kilimo za serikali tangu 1937. Ulinganisho huu unaonyesha kuwa serikali ya kikoloni na ile ya Uhuru zilirithishana mazoea yaleyale: kumhesabu msikilizaji kuwa mtu wa kulindwa asipotoshwe, si raia awezaye kupima mwenyewe.

Oktoba 1969 KPU kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Hivyo katazo la Januari lilitangulia katazo kubwa zaidi: aliyenyimwa ukumbi mwanzoni mwa mwaka alinyimwa chama na uhuru kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana mtafiti wa siasa za Bukoba na Muleba hapaswi kuishia kwa wasemaji mashuhuri kama Migeyo. Awatafute pia waliokwenda kusikiliza wakarudishwa njiani, kwa kuwa wao ndio waliolengwa na katazo.